Aliyebeba Wimbi Nyweleni

Dakta Persis Nyanchera hufundisha chuoni hadithi za wanawake wa kale. Kila likizo hurudi kijijini Ekerenyo, alikomzika mamake, Phanice, na kuendelea kutafuta jina la mwanamke mmoja tu wa hadithi za kwao: yule aliyeikimbia njaa akiwa ameficha mbegu za wimbi nyweleni, akauokoa ukoo mzima. Katika hadithi hiyo wanaume wote wana majina. Hata fahali wao ana jina! Aliyewalisha anaitwa tu mke wa fulani.

Aliwauliza akina nyanya. Wa kwanza, ukungu ukitambaa juu ya majani ya chai, alinong'ona kuwa aliitwa Kemunto. Wa pili, wa kijiji cha Nyaramba, akaapa ni Nyaboke. Wa tatu akasema Bosibori. Persis alikasirika, mpaka alipogundua kwamba kila mmoja alimtajia jina la mama yake mzazi.

Tangu hapo huwaona hata akiwa macho: wanawake wakishuka vilima polepole, wimbi likichipua vichwani mwao.

Juzi darasani mwanafunzi alimuuliza, "Dakta, huyo mama wa mbegu aliitwa nani?"

Persis aliligeukia darasa lote.

"Andikeni," akasema. "Phanice."