Kaseti ya Nyanya

Juzi jirani alikuwa ndani ya gari akisikiliza hadithi kwenye simu, nikakumbuka pikapu ya baba kule mtaani Jericho. Hiyo ilicheza kaseti tu. Kaseti moja ilikuwa na hadithi za marehemu nyanya, kwa sauti yake, na baba alikuwa amevunja vile vijino vya plastiki isirekodiwe tena. Mimi nilidhani imeharibika. Niliziba matundu ya vijino kwa karatasi, nikarekodi nyimbo za redio juu yake.

Jumapili, pikapu ikinuka petroli na mahindi choma, baba aliitia kaseti, akabonyeza. Zikatoka nyimbo.

“Nani ameshika hii?”

“Ni mimi, baba! Nimekutengenezea!”

Alizima. Nilipewa jina la nyanya, mama yake, kwa hivyo baba alizoea kuniita “mama.” Sitaki kumsingizia, labda nakumbuka vibaya, lakini baada ya hapo aliniita Grace, kama walimu wa shuleni.