Kengele Niliyoipiga Mapema

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito kuandika.

Naishi huku ughaibuni, mji wa Germantown, kwa shangazi. Binti yake ana miaka kumi na minne, na anashindana mbio za kuteleza kwenye barafu. Klabu yake inataka kila familia itoe mtu wa kujifunza kuwa mwamuzi wa mbio. Shangazi anatunza wazee mji wa jirani, Gaithersburg, na zamu zake haziishi.

"Nenda wewe," aliniambia. "Kazi yenyewe kuhesabu. Hata kuhesabu utaona aibu?"

Nilisoma siku moja darasani. Ikabaki kusimama mashindano matatu na mtu mwenye cheti, anisainie karatasi ili nami nipate cheti. Nikapangwa na mzee mmoja Mkenya wa kanisani kwetu, ambaye watoto wake waliteleza zamani. Yeye alishika kadi zinazoonyesha mizunguko iliyobaki. Mimi nilishika kengele, ya kupigwa unapobaki mzunguko mmoja, na kila walipopita nilichora mstari kwenye karatasi yangu.

Mashindano ya tatu, binti wa shangazi alikuwa kwenye mbio za mizunguko tisa. Wawili wa kwanza waingie fainali. Alikuwa anaongoza. Mistari yangu ilisema imebaki mizunguko miwili, lakini kadi za mzee zilikuwa na unyevu, zikageuka mbili pamoja. Ikatokea namba moja.

"Piga!" akasema. "Kijana, umelala?"

Kwetu mkubwa akikosea unangoja aone mwenyewe. Nikapiga.

Binti alimaliza nguvu zake zote kwenye mzunguko ule. Akavuka mstari, akainua mikono, akasimama. Waamuzi wa mstari wa mwisho, ambao huhesabu kivyao, wakapaza sauti kwamba bado mzunguko mmoja. Wasichana wawili waliokuwa nyuma yake hawakuwa wamesimama. Wakampita. Akawa wa tatu.

Darasani tuliambiwa kengele ikikosewa, anayehesabu aseme kabla matokeo hayajabandikwa, na mbio zinaweza kurudiwa. Mwamuzi mkuu akaja kutuuliza.

"Hesabu ilikuwa sawa," mzee akasema. "Si ndiyo, kijana?"

Karatasi yenye mistari ilikuwa mfukoni mwangu. Niliigusa, nikamwangalia mzee. Mwamuzi mkuu akanipa fomu, akasema basi niandike. Nikavua glavu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Niliandika jina langu, nikaanza, "Mimi niliona," nikakata, nikaanza tena. Nilipoinua kichwa, matokeo yalikuwa yamebandikwa ukutani na gari la kulainisha barafu lilikuwa linatoka.

Kwenye gari la kurudi nyumbani binti alinyoosha mkono nimpe karatasi ya mistari. Akahesabu mistari kwa kidole, moja moja.

"Ulijua," akasema kwa Kiingereza. Hajaniambia neno jingine tangu siku hiyo.

Mzee alinisainia. "Utafika mbali," alisema. "Hubishani." Shangazi amekibandika cheti changu kwenye friji, na binti hufungua friji ile kila asubuhi.

Jumamosi ijayo nimepangwa tena na mzee yuleyule, na binti anateleza. Wewe unayesoma, kama umewahi kumwambia mkubwa wako amekosea, mbele ya watu, bila kumvunjia heshima, niandikie ulitumia maneno gani. Yawe machache, niweze kuyakariri.