Mahali Alipofungia Kamba za Viatu

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nilipopata habari kwamba jaduong' wetu wa makopo amefariki. Nilikuwa nimeshika jagi la uji. Simu niliyoazima kwa mama ilitetema mfukoni, nikausoma ujumbe kwa mkono mmoja huku wa pili ukiendelea kumimina, mpaka mteja akaniambia, "Msichana, hicho kikombe kimejaa zamani." Presha, ujumbe ulisema. Alipelekwa hospitali asubuhi, mchana akawa hayupo. Mnaosoma safu hii hapa kwenye ubao wa shule kila muhula mnajua siandiki majina ya watu, na sitaanza na marehemu. Alikuwa dereva wa tireila la miwa huko Awendo, mtu mzima mwenye kitambi na kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na tulimwita jaduong' kwa sababu ndivyo mzee anavyoitwa kwetu. Alikuwa mchezaji mwenzetu.

Kwa ambao hawajawahi kunisikia nikiutaja mchezo huu (na ni wengi, maana mimi huongea kidogo): mtu anaficha kopo lisiloingia maji mahali fulani. Ndani anaweka karatasi ya kuandika majina, penseli, na vitu vidogo vya kubadilishana. Kisha anatuma mtandaoni vipimo vya mahali hapo, nawe unafuata ramani ya simu mpaka ulipate. Ukilipata unaandika jina lako, unalirudisha vilevile, unaenda zako. Basi. Hakuna zawadi. Mwalimu wetu wa jiografia ndiye aliyenionyesha, na kundi letu lote la Migori na Homa Bay halijazi hata benchi mbili za kanisa.

Jaduong' alikuwa na maoni kuhusu kila kitu. Usiweke biskuti ndani ya kopo, siafu watahamia. Ukichukua kalamu nzuri usiache kizibo cha soda. Usiandike kwamba umelipata kopo wakati uliliona kwa mbali ukaogopa nyuki. Alikuwa akiyatuma haya kwenye kundi kwa sauti, dakika nyingi, honi za malori zikilia nyuma yake, na nitasema ukweli hata kama amelala: mara nyingine sikumsikiliza mpaka mwisho. Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa moja, kwamba asiyecheza asijue. Kama kuna mtu karibu, hugusi kopo. Unajifanya una shughuli nyingine mpaka aondoke.

Siku moja tulikutana Homa Bay, watu sita, mwalimu akiwemo. Kopo lilikuwa limefichwa kati ya mawe ya ufuoni, na hatua chache kutoka pale mama mmoja alikuwa akianika omena. Jaduong' akatuambia tujifiche nyuma ya mashua, yeye ataenda. Akatoa simu, akaiweka sikioni, akaanza kuongea na hewa. "Shangazi amelazwa? Oo. Na hali chakula?" Yule mama akaacha omena wake. "Pole, baba. Shangazi anaumwa nini?" "Figo," akasema jaduong' bila hata kupepesa. "Wacha tumwombee." Na akaomba kweli, mikono yake ikinuka samaki, maombi marefu ya kumfukuza shetani wa figo, na jaduong' amevua kofia, ameinamisha kichwa, anaitikia amina. Sisi nyuma ya mashua tulikuwa tunajiuma vidole ili tusicheke. Mwalimu alipomuuliza baadaye kwa nini hakumwambia tu yule mama ukweli, akajibu, "Mwalimu, ukimwambia mmoja umeuambia ufuo mzima. Kesho kopo halipo." Nilicheka kama wengine. Lakini usiku niliandika kwenye shajara yangu kwamba yule mama pengine bado anamwombea mgonjwa ambaye hajazaliwa.

Ujanja wake wa pili ulikuwa kamba za viatu. Kopo lake mwenyewe, alilolificha yeye, liko kwetu Macalder, kwenye ufa wa ukuta wa zege uliobaki tangu mgodi wa zamani, nyuma tu ya kibanda ambapo mama huwauzia uji wachimbaji dhahabu. Kila alipopita alikuja kuangalia kama liko salama. Na kwa kuwa pale hapakosi watu, alikuwa anachuchumaa chini ya ukuta, anafungua kamba, anazifunga, anazifungua tena, mpaka wote waangalie kwingine. Halafu anasimama, na mkono unaingia kwenye ufa, juu, usawa wa bega. Mimi nilikuwa nikimwona nikiwa ninaosha vikombe, naangalia kando kama sheria inavyotaka. Hatukuwahi hata kusalimiana pale.

Sasa Jumamosi hiyo habari ilifika kibandani kwa njia nyingine pia. Kijana mmoja mchimbaji, mtu wa Ntimaru, alikuja akasema, "Yule buda wa simu amekufa. Yule wa kofia."

"Wa pale ukutani?" akauliza mjomba wangu. Ni ndugu yake mama, ninamwita nera, na yeye ndiye anayeongoza wale vijana wachimbaji.

"Huyo huyo. Kila akija ni kuinama pale pale."

"Alikuwa anafunga viatu," akasema mwingine.

"Wewe nawe!" Nera akacheka. "Mtu atoke Awendo aje kufunga viatu Macalder? Awendo hakuna miguu? Yule alikuwa anachota udongo, anaenda kupima. Na sasa siri imebaki ardhini."

Uji haukuisha kwenye vikombe. Waliinuka wakachukua sururu na ndoo, na kabla jua halijashuka shimo lilikuwa limefika kifua cha nera, pale pale chini ya ukuta, mahali ambapo marehemu alikuwa akifungia kamba. Nilienda kuwapelekea maji. Niliona ukuta ukiwa na ufa mpya, mwembamba, umeshuka mpaka chini. Udongo ulikuwa ukimwagika wenyewe kila mtu alipokohoa, na nikaona wakizidi kuchimba ukuta utawaangukia. "Kesho tunaingia chini ya ukuta," nera akasema. "Asubuhi mapema. Kanisa ni ibada ya pili."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache: hakuna dhahabu, kuna kopo. Lakini fikiria swali ambalo lingefuata. Wewe umejuaje? Msichana wa kidato cha tatu na dereva mzee, wana siri moja, mahali pamoja, nyuma ya kibanda cha mama yake. Nani atasikia habari za ramani na penseli baada ya hapo? Najua jinsi kwetu jina la msichana linavyotembea. Nikaliuliza kundi, bila kueleza sana, kama naweza kuwaambia watu wa nje. Mmoja akajibu, "Usiseme. Ukisema kopo limekufa." Mwingine akaandika, "Mwenyewe hajazikwa hata. Heshimu alichokipenda." Mwalimu hakuwa na mtandao. Na mama, jioni, akageuza sufuria tupu akasema Mungu ametukumbuka, vijana wakichimba hapa karibu wiki nzima tutanunua jiko jingine. Kila upande niliogeukia palikuwa na mtu ninayempenda anayetaka ninyamaze, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya.

Nimewaza sana kuhusu kosa la nera, na sioni kama lilikuwa la kijinga. Hapa kwetu hakuna anayeinama bure. Ukiinama unapalilia, unachota, unaosha karai la mchanga ukitafuta chembe inayong'aa. Mtu mzima kuja kutoka mbali kwa kitu kisichoingiza chochote, hilo hatuna mahali pa kuliweka, kwa hiyo tunalipa jina tunalolijua. Na sisi wachezaji tunachangia. Tunapenda kuwa wachache wanaojua, tunapenda kupita katikati ya watu tukiwaona kama miti. Jaduong' aliificha siri yake vizuri mno, akawafanya watu waione dhahabu. Sidhani kama angelipenda hilo. Lakini sikuwa na mtu wa kumuuliza, na hilo ndilo jambo la kifo nililolielewa siku ile: huwezi tena kuomba ruhusa.

Kwa hiyo hili ndilo nililojifunza, na ndugu zangu wa kundi mnisamehe. Kunyamaza ni adabu pale tu ambapo kinacholindwa ni kopo. Anayelindwa akiwa mtu, adabu ni kufungua mdomo, hata kama jina lako ndilo litakalolipia.

Asubuhi iliyofuata sikumpa mama maelezo. Nilimwambia natoka, nikatoka. Nera alikuwa tayari ndani ya shimo, kichwa tu kikionekana, na kijana wa Ntimaru akivuta ndoo. Nilipita ukingoni, nikaingiza mkono kwenye ufa, nikatoa kopo, nikalifungua mbele yao wote. Penseli, kishikizo cha funguo, karatasi ya majina. "Alikuwa anaangalia hiki," nikasema. "Ni mchezo. Hata mimi nacheza, jina langu ni hilo hapo."

Kijana akaachia kamba. "Aki! Kumbe mlikuwa mnakutana hapa na yule mzee?"

"Hatukuwahi hata kusalimiana hapa," nikasema. "Muulize mwalimu wangu. Muulize yeyote."

Nera aliniangalia kutoka chini. "Okewo," akasema, kwani ndivyo mjomba humwita mtoto wa dada yake, "nenda nyumbani. Tutaongea."

Sikuenda. Niliketi chini ukingoni, miguu ikining'inia ndani ya shimo, nikamwambia sitaondoka mpaka apande. Mama aliniita mara ya kwanza, akaniita mara ya pili. Niliendelea kukaa, mpaka nera akaitupa sururu juu, akanyoosha mkono, nami nikaushika nikavuta.