Wifi Yangu Bana Pumzi

Wifi yangu, watu wa hospitali walimpachika jina la Bana Pumzi, maana kutwa nzima kauli yake ni hiyo. Anakaa nyuma ya kioo, mgonjwa kalazwa ndani ya lile dude la sumaku la kupigia picha za ndani ya mwili, linalogonga kama mafundi bati, naye anaamrisha kwenye kipaza sauti: "Vuta hewa. Bana. Bana! Nani kakwambia upumue?" Wagonjwa walitoka wamenuna, wengine wakimlaani waziwazi. Nyumbani tulimtania kwamba mumewe alikimbia ili akapumue.

Alicheka tu, akatueleza. Mlango wa moyo ukisinyaa, damu hufyatuka kwa kasi mara moja katika kila pigo, kisha basi; kasi ikizidi, ndipo mtu hupasuliwa. Ukipiga picha nyingi ndani ya pigo moja, unaidaka. Ukipiga chache, kile kishindo kinachanganyika na utulivu wa kabla na baada, unadhani damu inatembea polepole, kumbe wapi! Ila picha nyingi zinataka pumzi ibanwe muda mrefu. Haya yote aliyajua, na ndicho kinachoniuma.

Ikaja zamu ya mume wangu, mdogo wake wa pekee, ambaye ngazi za nyumbani zilikuwa zimeanza kumshinda. Picha ndiyo ingeamua kama apasuliwe moyo au arudi na vidonge. Alibana, akakohoa. Akabana tena, machozi yakamtoka.

"Dada, nakufa humu."

Bana Pumzi, asiyemhurumia mzee wala mtoto, akalainika. "Basi mdogo wangu, pumua. Nitapunguza picha."

Akamaliza upesi, akamfuta jasho kwa mkono wake. Nilimpenda sana siku ile.

Daktari wa moyo akaona kasi ya damu si ya kutisha, upasuaji ukafutwa. Wifi hakumwambia kwamba picha zilipunguzwa. Ananiapia kwamba furaha ilimsahaulisha. Mume wangu alianguka bafuni kabla vidonge havijaisha, asiinuke tena.

Juzi tulikuwa sokoni, mama mmoja akamkumbatia wifi kwa kicheko. "Wewe dada ulinitesa! Lakini tatizo lilionekana, wakanipasua, si huyu mimi?"

Mama alipoondoka, wifi aliangua kilio palepale kati ya mafungu ya vitunguu. "Wifi, nilimhurumia."

"Najua," nikamjibu. "Wa watu uliwabana, wakapona. Wangu ukamwacha apumue."