Mashine ya gemu ilijificha kushoto, Maduhu akiwa chini ya kifusi

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Atakayeona ni chai, anywe apite. Sibishani na mtu.

Nina banda la gemu hapa Katoro. Vijana wa duara, yaani shimo la dhahabu, wakipanda juu wanakuja kupoteza mawazo. Kati ya mashine zangu kuna moja ya zamani, ya kusimama, niliitoa skrepa Mwanza. Ni ile ya kulipua wadudu wanaoshuka kwa mistari. Wewe uko chini na kibunduki, una ngao nne za kujificha.

Isipochezwa inajicheza yenyewe. Demo. Haina uchawi, imetengenezwa hivyo. Kibunduki kinakwenda kulia, kinapigapiga, kinafia palepale kila siku.

Mteja wake mkubwa alikuwa Maduhu, mmoja wa vijana hao wa duara, mwenye mtindo wa ajabu: anakimbilia ngao ya mwisho kushoto, anatulia bila kupiga. Tulikuwa tunamcheka, "Wewe unacheza gemu au umepanga chumba?" Hata mama yake akija kumwita kula anamkuta kwenye kona hiyohiyo.

Basi, duara likaanguka Maduhu akiwa ndani.

Kwa wasiojua huku kwetu: duara likianguka, maduara yote ya jirani yanasimama, kila mtu anachimba kumtafuta mwenzake. Walichimba njia ya kulia, ndiko ilikokuwa shifti yake. Kimya. Maji yakaanza kupanda. Msimamizi akasema jioni wanaacha, lifukiwe liwe kaburi lake.

Mwingine angekimbilia kwa mfumu kupiga ramli. Mama Maduhu alikuja bandani kwangu.

"Shikamoo mama." Akapita moja kwa moja hadi kwenye mashine. Akasema anataka tu kukaa pale mwanawe alipokuwa anakaa.

Demo ikaanza. Kibunduki kikaenda kushoto, kikaingia chini ya ngao ya mwisho, kikatulia.

Wakuu, nywele zilinisimama! Nikazima, nikawasha. Kushoto tena.

Mama akasema taratibu, "Si umemwona? Mwanangu yuko kushoto."

Tulipofika duarani tukaeleza tulichokiona, msimamizi akawaka. "Mayu, pole sana, lakini siui vijana wangu kwa ramli ya gemu. Kushoto ni njia ya zamani, hakuna mtu kule."

Vijana wakanigeukia mimi. Wanajua mimi ni mtu wa kanisani, mambo ya ramli huwa nayaponda hadharani. Nikasema, "Nimeona mimi. Chimbeni kushoto."

Walimtoa hai. Mguu umevunjika, mdomo umejaa udongo.

Hospitali nikamuuliza alifikaje kule. Akasema, "Nilisikia ule mdundo wa gemu, ule wa wadudu wakibaki wachache. Ukawa unaongeza kasi. Nikakimbilia kwenye kona yangu."

Labda yalikuwa matimba, ile miti ya kuzuia duara lisianguke, yanakatika. Labda. Niliogopa kuuliza zaidi.

Nimeita fundi, kaifungua mashine, hakuna kitu. Nimenunua hadi version ya nyumbani, ya kaseti, nikaichomeka kwenye TV ya sebuleni nikaiacha ijicheze. Kulia. Na mashine yenyewe, tangu siku ile, ni kulia tu.

Nilichojifunza: mama akisema mwanangu yuko pale, usimletee ubishi wako. Shika sururu.

Sasa shida ni hii. Mguu umepona, Maduhu karudi duarani, maana njaa haijui kuogopa. Kila akishuka, mama yake anakuja kukaa mbele ya mashine. Kibunduki kikifia kulia anashusha pumzi, anaaga, anakwenda kwenye biashara yake ya dagaa.

Leo Maduhu kashuka kama kawaida, na umeme umekatika tangu asubuhi. Ninavyoandika yuko nyuma yangu, anaangalia kioo cheusi, na ananiuliza mwanawe yuko upande gani.

Wakuu, nimjibu nini?