Katuni zisizo na jina nilisema ni zangu, na mwenyewe akanishukuru

Admin, jina langu liweke mbali, maana nusu ya Wakongo wa Durban wananyolewa na mimi. Nina miaka 53, kinyozi, saluni yangu iko Umbilo. Shule iliniacha darasa la sita lakini mdomo uliendelea mpaka chuo kikuu. Mimi nimeshamnyoa jenerali akiwa usingizini, na alipoamka akanipigia saluti.

Kwetu Bukavu kulikuwa na vijitabu vya katuni tulivyovipenda kuliko mkate. Mtunzi wake, nimuite Papa Deo, sasa ni mzee, anaishi Pinetown kwa binti yake. Binti anataka kuchapisha upya kazi zote za baba, basi sisi wapenzi wa zile katuni tukakutana saluni kwangu kuzihesabu. Ubishi ukawaka. Huyu anasema zihesabiwe zenye jina lake tu. Yule anasema hata zisizo na jina ni zake, mbona utani ni uleule? Mwingine anataka zile alizotoa wazo tu, mchoraji wake akaandika, zihesabiwe nusu.

Kuona kila mtu anajua kitu na mimi nimeshika mashine tu, nikaizima. Nikawaambia zile zisizo na jina niliandika mimi, nilipokuwa kijana pale kiwandani kwao, vijitabu vilipochapwa.

Ndugu zangu, pale nilikuwa nafagia. Aliyeandika ni Papa Deo, nilimwona kwa macho yangu. Hakutia jina kwa sababu humo aliwacheka wakubwa, na wakati ule kuwacheka ilikuwa kutafuta kaburi.

Nilidhani watanizomea. Eish, wakaniamini. Sasa naitwa Mwandishi, hata mke wangu ametangaza kanisani.

Jumapili binti akamleta mzee. Nikajua nimekwisha. Kumbe kumbukumbu imeanza kumtoka. Akanishika mkono akaniuliza ile isiyo na jina, ya mbuzi aliyefanywa gavana, iliishaje. Nikamsimulia neno kwa neno, maana ile naijua kama Baba Yetu. Mzee akacheka mpaka machozi, kisha akamgeukia binti.

"Toa jina langu kwenye hizo, mama. Mimi singeweza kuandika vizuri hivi."

Binti, ambaye huniita Tonton, yaani mjomba, akanisindikiza mlangoni. "Asante, Tonton. Nilikuwa karibu kumpa baba kazi ya mtu."

Wiki hii kitabu kinaenda kwa mchapaji, na kazi ambayo mzee aliihatarishia roho yake itatoka na jina langu. Nikinyamaza, nimemwibia akiwa hai, tena akinishukuru. Nikisema, mzee atajua kwamba amesahau kitu kizuri kuliko vyote alivyofanya duniani. Aibu yangu naweza kuibeba, mimi nimezoea kusemwa. Ila yale macho yake yakinitazama, hapo mdomo wangu wote huu unakufa.

Ninyi mliolea wazee wenye kusahau, niambieni. Nimwendee binti peke yake, au nikae mbele ya mzee? Na nikikaa mbele yake, nianze na neno gani?