Pilipili Tamu Zilizoonjwa Mbele ya Wakwe

Wiki iliyopita niliingia duka moja hapa Ifakara kutafuta sabuni, nikaona chupa ndogo za pilipili tamu zimepangwa. Mwenye duka akafungua moja ninuse. Harufu ile ya sukari, ndimu na pilipili mbuzi ikanipanda hadi machoni, mate yakajaa mdomoni, na hayakuwa mate ya hamu. Niliomba radhi nikatoka. Sabuni sikununua.

Nikaona niandike, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na sijui kama naandika inavyotakiwa. Nivumilie, ndugu yangu.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, pale Lumemo, miaka ya tisini. Watu walimjua kwa pilipili zake. Ukioa, ukibatiza, ukimaliza msiba, utaambiwa nenda kwa bibi yule ukaombe chupa. Alichuma pilipili mbuzi zilizoiva, nyekundu na njano, akazipasua. Kukwangua mbegu ilikuwa kazi yangu, maana vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Viliwaka siku mbili. Nikijisahau nikagusa jicho, nililia mpaka jirani aulize nani kapigwa, na bibi anacheka: "Mke mwenzangu, nani kakutuma upake wanja wa pilipili?"

Kisha zililala kwenye ndoo na chumvi, zikatoa maji mazito yanayovutika kama kamasi. Sisemi hivyo kumvunjia heshima, ndivyo yalivyokuwa. Inzi walijipanga ukingoni, nami nawafukuza kwa kipande cha kanga, wanarudi. Siku ya tatu zilichujwa, zikapikwa na sukari, maji ya ndimu, tangawizi na vitunguu saumu mpaka rojo linate kwenye mwiko. Hapo ndipo zinaingia kwenye chupa.

Niseme na upande wake. Bibi alikuwa msafi. Sufuria zake alizisugua kwa majivu zikang'aa, na chupa alizichemsha hata kama zimechemshwa jana. Ila alinusa ugoro, ule unga wa tumbaku, na pua yake ilikuwa na unyevu wa kahawia muda wote. Aliupangusa kwa pindo la kanga na kuendelea na kazi.

Siku ninayoisema, shangazi yangu mdogo alikuwa na posa. Posa ya kwanza ilishakufa kimya kimya, watu hawakurudi, na yeye akaacha kwenda kisimani wakati wenzake wapo. Sasa hawa wa pili walikuwa wanatoka Idete kuja kutuona kabla ya kutoa neno lao. Bibi akapika pilipili asubuhi ile ile. Mimi nachochea kuni. Mvuke ulitukaba koo, tunakohoa wote wawili. Bibi akainama juu ya sufuria, nikaona tone la kahawia limening'inia kwenye ncha ya pua yake. Likarefuka. Likadondoka. Bibi akakoroga.

Hapa sina uhakika kamili. Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi ya pilipili. Huenda lilikuwa jasho, huenda liliangukia pembeni kwenye jiwe la jiko. Lakini kila nikilikumbuka naliona la kahawia, na linaangukia ndani.

Wageni walifika na baiskeli, wakakaribishwa mkekani. Wali ukaletwa, na kambale wa kukaanga, na chupa ya pilipili katikati. Kwetu, chakula cha mgeni huonjwa kwanza na mtu wa nyumba, mgeni aone hakuna sumu wala uchawi. Siku zote alionja bibi mwenyewe. Siku ile akaniita mimi.

"Njoo, mke mwenzangu, watoe wakwe wasiwasi. Si umezipika wewe?"

Nilishika kijiko nikabaki nacho. Mama wa kijana alinitazama.

"Mbona mtoto anasita?"

"Anaogopa kuwashwa, mama," shangazi akajibu.

"Kazipika mwenyewe, halafu anaziogopa?" Yule mama akaurudisha mkono wake kutoka kwenye sinia, akaufuta taratibu, kama mtu aliyekwisha kula.

Shangazi alikuwa anasokota pindo la kanga, kichwa chini, na nikajua hawa wakipanda baiskeli zao sasa hivi, hawarudi. Nikatia kijiko mdomoni. Ganda la pilipili lilikuwa laini, linateleza, limefunikwa na ule utando unaonata, na mimi naiona pua. Nikameza. Nikalamba kijiko ili waone. Na lililonichukiza kuliko yote, ilikuwa tamu. Tamu kweli.

Yule mama akala, akaongeza, akaomba chupa ya kurudi nayo Idete. Walikubali kabla hawajanawa mikono.

Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika mpaka nyongo, nikafukia kwa mchanga. Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama na kopo la maji.

"Uliona?"

"Niliona nini, bibi?"

Akanitazama kidogo. "Basi. Sukutua."

Hatukulizungumza tena mpaka tukamzika. Shangazi ana wajukuu sasa, na ndoa yake imekuwa nzuri, nisiseme uongo. Kiwanja cha bibi kimekatwa vipande, penye mipilipili pana msingi wa nyumba ya mtu nisiyemjua. Chupa zinakuja zimebanwa mifuniko huko zinakotengenezwa, na wageni wanajipakulia wenyewe bila kusubiri mtu aonje. Sijui kama ni vibaya. Yale maji ya utelezi na wale inzi siwatamani hata kidogo.

Ila swali lile la bibi nyuma ya choo bado linanirudia. Labda aliuliza kama nilimwona yule mama anavyojilamba vidole. Labda hakuwa na maana yoyote. Lakini kama aliulizia lile tone, basi alijua tangu jikoni, na aliniita mimi kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza kumeza.